Butembo: Kabla ya kuvuka Kasindi na mtoto mwenye maji kichwani

Katika komine ya Kimemi, mjini Butembo, mama ndiye huona wa kwanza. Kofia iliyomtosha mtoto mwezi uliopita haiingii tena. Utosi umejaa na kukaza, mishipa ya kichwa inaonekana chini ya ngozi, macho yanatazama chini hata akiitwa. Mtoto anatapika, analia bila sababu, kisha siku nyingine analala kupita kiasi. Majirani wana maelezo yao: wivu, laana, deni la ukoo. Waganga wa hospitali wana jina moja, hidrosefali, maana yake maji ya ubongo yamekosa njia na yanasukuma kichwa kutoka ndani.

Ugonjwa huu hautibiwi kwa vidonge. Unahitaji upasuaji wa ubongo, tena mapema, kwa sababu kila wiki inayopita maji yanabana ubongo unaokua na kuharibu macho na akili. Butembo ina hospitali kubwa kama Matanda, Katwa na Kitatumba, lakini kufungua kichwa cha mtoto wa miezi 2 si kazi ya kila chumba cha upasuaji. Zamani familia nyingi zilipopewa karatasi ya transferi zilifikiria Goma. Tangu Kanyabayonga kuanguka mwezi Juni 2024 na Goma kuchukuliwa na waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, njia ya kusini imekuwa ya kubahatisha. Jicho limegeukia mashariki, Uganda, kwenye mji wa Mbale chini ya mlima Elgon.

Huko Mbale kuna hospitali ya watoto ya CURE, hospitali ya kikristo iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo wa watoto. Ndani yake ndipo kulijaribiwa matibabu ambayo leo yanatumiwa hata katika hospitali za Marekani. Kwa mzazi wa Kimemi anayefunga mzigo, ni vizuri kujua kilichojaribiwa ni nini, kwa nini kilijaribiwa pale, na majibu yalikuwa yapi.

Tiba iliyozaliwa Mbale

Ubongo wa kila mtu una vyumba vyenye maji. Maji hayo yanatengenezwa mchana na usiku na tishu nyororo iliyo ndani ya vyumba hivyo, yanazunguka, kisha yananyonywa na damu. Njia ikiziba, maji yanajaa. Dawa ya zamani ni mrija mwembamba unaopitishwa chini ya ngozi kutoka kichwani, nyuma ya sikio, hadi tumboni, ili maji yatoke na kunyonywa huko. Mrija huo umeokoa watoto wengi duniani. Shida yake ni kwamba unaweza kuziba au kuingiwa na vidudu, na ukiziba, mtoto anahitaji mpasuaji wa ubongo haraka, pengine ndani ya siku moja au mbili.

Mganga mpasuaji Mmarekani Benjamin Warf alifika Mbale mwaka 2000 akiwa amezoea mrija. Aligundua haraka kwamba mtoto anayerudi kijijini na mrija, mbali na barabara na mbali na mpasuaji, anaishi juu ya hatari isiyoisha. Kwa hiyo akaunganisha mambo mawili. La kwanza lilikuwa likijulikana: kupitisha kamera ndogo ndani ya ubongo na kutoboa tundu kwenye sakafu ya chumba cha tatu, ili maji yapate njia mpya. La pili ni kuchoma sehemu ya ile tishu inayotengeneza maji, ili yapungue. Mtoto anatoka bila kitu chochote cha kigeni ndani ya mwili wake.

Mwaka 2005 Warf alichapisha matokeo ya watoto 550 wa Kiafrika. Kwa walio chini ya mwaka mmoja, tundu peke yake lilifaulu kwa watoto 47 kati ya 100. Tundu pamoja na kuchoma tishu vilifaulu kwa 66 kati ya 100. Mwaka huohuo alilinganisha aina mbili za mrija kwa watoto 195: ule wa Chhabra kutoka India, wa dola kama 35, na wa kampuni ya nchi tajiri, wa dola 650. Baada ya mwaka mmoja hakukuwa na tofauti. Taarifa hiyo ingefaa kubandikwa kwenye mlango wa kila ofisi inayonunua vifaa vya hospitali.

Swali kubwa lilibaki: kati ya kamera na mrija, ipi inaacha ubongo wa mtoto ukiwa salama zaidi? Ili kujibu, CURE Mbale ikishirikiana na watafiti wa Toronto, Boston na kwingineko ilifanya jaribio la kura. Watoto 100 wachanga, wote chini ya miezi 6, wote wenye maji kichwani yaliyotokana na maambukizi, waligawanywa kwa bahati: 51 upande wa kamera, 49 upande wa mrija. Matokeo yalitoka Desemba 2017 katika jarida la New England Journal of Medicine. Baada ya miezi 12, alama za akili za makundi mawili hazikutofautiana kwa kiasi cha kuhesabika. Tiba ilishindikana kwa watoto 35 kati ya 100 upande wa kamera na 24 kati ya 100 upande wa mrija, nayo tofauti hiyo haikutosha kusema kwamba moja imeishinda nyingine.

Mzazi anayesoma hesabu hiyo anaweza kuvunjika moyo, lakini isomwe vizuri. Inasema kwamba mtoto anaweza kuishi bila mrija na asipoteze akili kwa sababu hiyo. Inasema pia kwamba kamera si muujiza: karibu mtoto mmoja kati ya watatu alihitaji kurudishwa kwenye chumba cha upasuaji. Uzito wa uamuzi basi uko mahali mtoto atakapoishi baada ya kupona. Anayeishi dakika 20 kutoka hospitali ya Toronto na anayeishi nyuma ya barabara ya Beni–Kasindi hawana hesabu moja.

Neno "jaribio" na masikio ya Butembo

Watu wa Butembo na Beni si wageni wa neno jaribio. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kuisha tarehe 25 Juni 2020 iliwapata watu 3470 na kuua 2287, na Katwa na Butembo zilikuwa moyo wa moto huo. Mwezi Novemba 2018 jaribio la dawa nne lilianza Beni, kisha likafika vituo vingine vya matibabu. Wagonjwa 681 waliingia, dawa zikigawanywa kwa kura. Mwezi Agosti 2019 jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu dawa mbili zilionekana wazi kuwa bora: vifo vilikuwa kama 35 kati ya 100 kwa mAb114 na 33 kwa REGN-EB3, wakati ZMapp ilikuwa karibu 50 na remdesivir 53. mAb114 ilitokana na damu ya mtu aliyepona Ebola ya Kikwit ya mwaka 1995, kazi ambayo Profesa Jean-Jacques Muyembe alishiriki.

Miaka hiyo iliacha pia kidonda. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa Februari 2019, na mwezi Aprili muganga Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani aliuawa mjini Butembo akiwa kazini. Kutoamini kuliua wagonjwa waliojificha nyumbani, na kuliua wahudumu. Ndiyo sababu familia inayoambiwa leo "kuna tiba ya majaribio nje ya nchi" ina haki ya kuuliza maswali mengi, na hospitali ina wajibu wa kuyajibu kwa lugha inayoeleweka.

Maswali yenyewe si magumu. Je, mtoto wangu anapewa tiba ya kawaida ya hospitali au anaingizwa katika utafiti? Kama ni utafiti, nani ameuruhusu? Nchini Uganda utafiti juu ya watu unapitia kamati ya maadili na kuandikishwa kwenye baraza la taifa la sayansi na teknolojia, kwa hiyo jibu lazima liwepo kwenye karatasi. Je, nikikataa, mtoto atatibiwa vilevile? Jibu la haki ni ndiyo. Je, naweza kutoka katikati? Ndiyo. Karatasi ya idhini isomwe kwa sauti katika lugha ambayo mzazi anaijua, na mzazi asiweke kidole kabla ya kuelewa. Kura ya kugawa watoto nayo haina hila. Inapigwa kwa sababu waganga wenyewe bado hawajui ipi ni bora.

Kuna upande mwingine wa neno hilo ambao unakula pesa za watu. Simu zinaleta matangazo ya kliniki za mbali zinazoahidi kuponya ubongo wa mtoto, kifafa au kupooza kwa sindano za seli shina, dola maelfu kadhaa zilipwe kabla ya safari. Utafiti wa kweli kwa kawaida hauuzi dawa inayojaribiwa. Una namba ya kuandikishwa, una jina la mtafiti mkuu, unatoa matokeo hata yakiwa mabaya kama vile Mbale walivyoandika zile 35 kati ya 100. Kliniki inayoonyesha shuhuda za video peke yake na kudai pesa haraka inafanya biashara. Familia imeuza shamba la kahawa, imechukua zamu yake ya likelemba, kisha inarudi na mtoto yuleyule na deni jipya.

Makaratasi, barabara na lugha

Maandalizi yanaanzia kwa muganga wa Butembo. Kichwa kipimwe kwa utepe na namba iandikwe pamoja na tarehe, si mara moja bali kila wiki, maana mwendo wa kukua unasema zaidi ya namba moja. Mtoto anayezaliwa kwa miezi yake ana kichwa cha kama sentimita 35, na katika miezi 3 ya kwanza kinaongezeka karibu sentimita 2 kwa mwezi. Kinachopita mwendo huo mbali ni cha kutazamwa. Kwa kuwa utosi bado uko wazi, ekografi ya kichwa inaweza kuonyesha vyumba vilivyojaa maji bila skana.

Homa itibiwe kwanza. Mtoto mwenye menenjite, malaria au upungufu mkubwa wa damu hatakiwi kuingia upasuaji wa ubongo, na kufika Mbale na homa maana yake ni kulala huko wiki nyingi kabla ya kisu. Kama mtoto amezaliwa na mgongo wazi, hali ambayo mara nyingi inakuja na maji kichwani, kidonda kifunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu na safari isingoje mwisho wa mwezi: hapo zinahesabiwa siku.

Halafu karatasi. Hapa kuna tatizo dogo linalosumbua sana: Kongo inaandika kwa Kifaransa, Uganda inasoma Kiingereza. Muhtasari wa ugonjwa ulioandikwa kwa mkono kwa Kifaransa, wenye vifupisho vya waganga wetu, unaweza kuwa bure mezani Mbale. Inafaa ukurasa mmoja utafsiriwe kabla ya kuondoka: tarehe ya kuzaliwa, namna alivyozaliwa, homa alizopata mwezi wa kwanza, dawa alizopewa, vipimo vya kichwa, chanjo. Namba ya simu ya muganga aliyeandika iwe juu kabisa. Na hospitali ya Mbale ipigiwe simu au iandikiwe kwanza, siku ya kupokelewa ijulikane, na gharama iulizwe wazi: kipi kinalipwa, kipi kinabebwa na wafadhili, mama atalala wapi, atakula nini. Kuna familia zinazofikiri kwamba hospitali ya misaada inalipa hata basi.

Kwa mpakani, mzazi anahitaji pasipoti au hati ya kusafiria, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, na karatasi ya chanjo ya homa ya manjano. Mtoto ambaye hajaandikishwa kwa afisa wa hali ya raia hana jina mbele ya sheria, na kosa hilo huonekana siku mbaya kuliko zote. Baba akibaki Butembo, karatasi ya ruhusa yenye sahihi yake inaondoa maswali. Tangu Julai 2022 Kongo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, lakini uanachama hauwajazii watu makaratasi.

Barabara nayo ina hesabu yake. Kutoka Butembo hadi Beni ni kilomita 54, kutoka Beni hadi Kasindi 80. Mwezi Juni 2021 marais Tshisekedi na Museveni walikutana mpakani kuzindua ujenzi wa barabara hizo. Kilichowatesa wasafiri zaidi ya matope ni mashambulizi ya ADF kwenye barabara namba 4, magari yakichomwa na watu kutekwa, hadi jeshi likalazimika kusindikiza misafara. Kasindi yenyewe ilipigwa bomu ndani ya kanisa tarehe 15 Januari 2023. Mwenye mtoto mgonjwa haondoki kwa sababu basi limejaa. Anauliza asubuhi madereva waliotoka upande ule, anaondoka mapema, na anakubali kupoteza siku moja Beni kuliko kusukumwa na haraka.

Ng'ambo ya daraja, Mpondwe, mambo ya kwanza ni mepesi. Wakonzo wa Bwera na Kasese wanaongea lugha ambayo Mnande anaisikia bila mkalimani, na wengi wana jamaa pande zote mbili za Ruwenzori. Faraja hiyo inaishia nyuma ya Kasese. Zimebaki zaidi ya kilomita 500 kupitia Kampala hadi Mbale, kwenye Kiganda, Kiingereza na, mwishoni, Kigisu. Kiswahili kinasaidia kidogo sokoni na kwenye gari. Hospitalini, mtu mmoja wa familia anayejua Kiingereza, hata kwa simu, ana thamani kuliko mzigo wa unga. Dola ziwe safi, zisizopasuka, maana noti iliyochoka inakataliwa kama inavyokataliwa Butembo.

Mpaka huu una kumbukumbu yake. Mwezi Juni 2019 familia iliyotoka Kongo ilivuka na mtoto wa miaka 5 aliyekuwa mgonjwa, akapelekwa hospitali ya Kagando wilayani Kasese, ikawa Ebola ya kwanza kuthibitishwa Uganda katika mlipuko ule. Tangu hapo homa mpakani inaangaliwa kwa jicho kali. Barua ya muganga inayoeleza kwa nini mtoto anatapika inaweza kuokoa nusu siku ya kuzuiliwa.

Kurudi nyumbani

Upasuaji wa kamera hauchukui muda mrefu, na mtoto anaweza kuruhusiwa baada ya siku chache mambo yakienda vizuri. Hapo ndipo familia nyingi hudhani safari imeisha. Ukweli ni kwamba tiba ya kamera ikishindikana, kwa sehemu kubwa inashindikana ndani ya miezi 6 ya kwanza. Pesa ya safari ya pili iwekwe kando kabla ya safari ya kwanza, na kama ndugu wa Kampala au Kasese anaweza kumpokea mama kwa wiki kadhaa, ni bora kuliko kuvuka mara nne. Mwenye mrija naye anachunga dalili kwa miaka, si miezi: homa, kutapika, usingizi mzito, kichwa kuanza kukua tena, uvimbe kwenye njia ya mrija.

Matarajio nayo yapangwe. Upasuaji unazuia uharibifu usiendelee, haurudishi kila kilichokwisha haribika. Mtoto aliyepelekwa akiwa na miezi 2 na yule aliyepelekwa akiwa na miezi 10, baada ya kuzungushwa kwa waganga wa kienyeji na vyumba vya maombi, hawatarudi sawa. Kichwa kikubwa hakipungui ghafla. Kinasimama, na mwili unakifuata polepole.

Utafiti wa Mbale umegusa pia chanzo. Katika watoto 300 wa kwanza waliochunguzwa, 60 kati ya 100 walipata ugonjwa baada ya maambukizi, mara nyingi homa kali ya wiki za kwanza za maisha. Mwaka 2020 watafiti waliochunguza watoto 100 walitangaza kwamba wengi wa walioambukizwa walikuwa na bakteria ya jamii ya Paenibacillus kwenye maji ya ubongo, bakteria ambayo vipimo vya kawaida vya maabara vilikuwa haviioni. Kwa mama wa Kimemi maana yake ni hii: mtoto wa wiki 2 mwenye homa, anayekataa ziwa au kushtukashtuka, hasubiri asubuhi na hapewi majani. Anapelekwa Matanda au Kitatumba usiku huohuo, anachomwa sindano za antibiotiki, na baada ya kupona kichwa chake kinapimwa kila wiki kwa miezi 3.

Utepe wa kupimia ni ule wa fundi cherehani, unauzwa sokoni. Unazungushwa juu kidogo ya nyusi na nyuma pale kichwa kinapotokeza zaidi, siku ileile ya wiki, mkono uleule, na namba inaandikwa kwenye karatasi ya kilo ya mtoto.